Kabla Jicho la Kushoto Halijafunga

Jumanne, 8 Julai

Maji madumu mawili. Uji. Nepi tisa, na ya kwanza imekauka kabla sijaanika ya mwisho, kwa upepo huu. Kiangazi cha mwaka huu asubuhi kina baridi ya kuuma masikio, mchana ni vumbi tu. Jovitha kalala mgongoni, kaamka, kalala tena. Miezi minane na bado haniachi nimalize hata kufagia.

Domina kapiga simu kutoka Murukulazo. Mdogo wangu huyu hana maneno mengi. Jicho la kulia la mama limefunga kabisa. La kushoto anaonea katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alishasema ni presha ya macho. Kilichokufa hakirudi, dawa ni ya kubakiza kilichopo. Mama ameuliza tena: mjukuu anakuja lini?

Hajamwona hata mara moja. Kutoka hapa Mugoma mpaka kwetu ni nusu siku kwa miguu. Lakini kwa desturi yetu mtoto hafiki kwao mama yake mpaka watu wa baba wampeleke na pombe ya ndizi. Najua. Nimekua nayo. Sina ugomvi na pombe. Nina ugomvi na "wiki ijayo". Naambiwa wiki ijayo tangu Jovitha hajakaza shingo.

Leo mama mkwe kasema Jumamosi tunakamua. Ndizi zimeshakatwa, ziko shimoni zinaiva. Nimeamua kuamini.

Alhamisi, 10 Julai

Baiskeli imerudi. Gozbert, mdogo wake mume wangu, aliichukua jana alfajiri bila kuniuliza, apeleke mzigo Kabanga mpakani. Imerudi bila kengele. Spoki mbili zimelegea. Kwenye keria kafunga kitambaa, naangalia vizuri, ni kitenge changu cha harusi. Kakichana ubavuni ili mzigo usikwaruzwe na chuma. Nimemuuliza. Kacheka.

"Shemeji, si kilikuwa kimelala tu."

Kila kitu changu humu ndani kimelala tu.

Baiskeli hii alinipa baba siku ninatoka kwetu. Wajomba walimuuliza, binti anapelekaje baiskeli kwa watu? Akasema, ili akitaka kuja kunisalimia asiombe mtu. Alifariki mwaka uliofuata. Kweli sikuomba mtu. Nilipanda nikaenda kumzika.

Hapa wanasema kilichokuja na bibi harusi ni cha mji mzima. Sawa. Basi na mji mzima uijaze upepo. Gozbert hajui hata pampu inakaa wapi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamka na furaha, mjinga mimi. Nimeosha ule mtumbwi wa kukamulia ndizi. Nimekata nyasi za kukamulia, mzigo mzima, mtoto mgongoni. Halafu nimekwenda nyuma ya migomba kufunua shimo.

Majani makavu. Udongo. Mkungu mmoja uliooza ubavu mmoja.

Ndizi za pombe ya Jovitha ndizo zilizokwenda Kabanga. Kwa baiskeli yangu. Juu ya kitenge changu.

Mama mkwe alikuwa anapukuchua maharage, hakuinua uso. Kasema wanunuzi walikuwa wengi, Gozbert asingeacha nafasi ipite. Ndizi zitaota nyingine. Mwezi wa nane tutakwenda.

Nikasema, "Na macho ya mama yangu yataota mengine?"

"Usinijibu na mtoto mgongoni."

Nimekwenda jikoni nikalia. Si kwa huzuni. Hasira tupu. Zile nyasi nimempa mbuzi.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nimempigia Renatus. Mume wangu yuko Biharamulo, kibarua cha ujenzi, anarudi mwisho wa mwezi. Nimemweleza yote. Kasema, vumilia mama Jovitha, mama ndiye anayejua mambo haya. Watu watatuonaje, mke wetu akienda kwao mikono mitupu?

Nikamwambia watawaona kama mlivyo.

Kacheka. Kicheko chake nakipenda, ndiyo maana nimezidi kukasirika. Halafu kasema usimtoe mtoto kwenye upepo huu. Hata mimi naogopa kifua chake.

Lakini nimeshaamua. Pombe itakwenda siku itakayokwenda. Jicho halisubiri shimo lijae.

Nimechukua spana nikafungua siti ya baiskeli. Nimeificha ndani ya pipa la unga. Gozbert akiichukua alfajiri, akae juu ya chuma.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika nikiwa kwa mama. Mguu unauma.

Sikutoroka. Nilimuaga mama mkwe mlangoni kwake. Shikamoo, nakwenda kumwona mama, narudi Alhamisi. Akauliza, na mtoto? Nikasema ananyonya, nimwache wapi? Akasimama. Nikajua sasa atanizuia. Akamvuta Jovitha kofia ikafunika masikio, akakaza fundo, akaingia ndani. Sijui hilo niliweke wapi.

Sweta mbili, kofia, mbeleko, kitenge juu ya mbeleko. Siti nimeirudisha, bado ina unga.

Mwanzo upepo ulikuwa mgongoni, unanisukuma. Sikumbuki lini mara ya mwisho kitu kilinisukuma mbele. Halafu barabara ikapanda mgongo wa kilima, upepo ukaja wa ubavuni, nikawa naendesha nimelalia upande mmoja. Ni pazuri mno pale juu. Vilima nyuma ya vilima mpaka Burundi, nyasi za njano, mabaka meusi palipochomwa moto, na chini bondeni mafunjo bado ya kijani. Kuna mtu alianika kahawa kaweka mawe pembeni mwa mkeka, na bado mkeka unapigapiga. Moshi wa majumbani haupandi, unakimbia chini chini kama maji. Macho yalinitoka machozi ya baridi. Nilikasirika kwa sababu ni pazuri. Miezi minane naangalia ukuta wa jikoni.

Nikapishana na wabeba ndizi, wanne, wanasukuma baiskeli zao kupanda. Wakanianza.

"Mama, huo mkungu wako umeiva?"

"Unaupeleka Kabanga?"

Nikasema, "Huu hauuzwi. Yenu ndiyo inauzwa hata kama ni ya pombe ya watu."

Wakacheka, hawakuelewa. Mmoja mtu mzima hakucheka. Nikampa shikamoo. Akasema, "Marahaba. Mteremko huo binti ushuke chini, usukume. Upepo unatoka bondeni unakamata usukani."

Sikumsikia. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Nilikuwa na hasira, nilitaka kufika, na nilijua nina breki.

Sikuwa na breki. Niliminya ya nyuma ikaenda mpaka mwisho, hakuna kitu. Raba hazipo. Wabeba ndizi hawazihitaji, wanatembea pembeni ya mzigo, wakitaka kupunguza wanabana tairi kwa mguu. Gozbert kazitoa kaziweka anakojua yeye, hakusema. Ya mbele inashika kidogo, na ukiibana sana unaruka juu ya usukani. Baiskeli ikashika kasi. Upepo ukanivuta kushoto kuliko na bonde. Nyuma yangu mtoto kalala, hana habari.

Nikashusha kisigino nikabana tairi. Ndala ikaanza kunuka. Nikaelekeza gurudumu kwenye ukingo wa kulia, kwenye nyasi ndefu, nikaacha ukingo utukamate.

Tukasimama. Goti limechunika, ndala ina mfereji. Jovitha akaamka akatafuta ziwa.

Nilikaa kwenye mtaro nikamnyonyesha, nimempa mgongo upepo. Nilitetemeka mpaka ziwa likawa linamtoka mdomoni. Nikatukana. Gozbert na raba zake. Renatus na vumilia yake. Na mimi, mama mzima, nimeonywa na mtu mzima nikajifanya najua. Nilimshika Jovitha kila kidole, miguu na mikono. Vyote vipo. Kuanzia hapo nilisukuma, mteremko na mlima, mpaka nikafika.

Mama alikuwa kakaa mlangoni.

"Nani huyo anayekuja na baiskeli haina kengele?"

Shikamoo mama. Marahaba. Akanyoosha mkono, akagusa kitenge, akagusa mguu mdogo.

"Uko na nani?"

"Jovitha."

"Na watu?"

Hakuna watu.

"Pombe?"

Hakuna.

Mkono ukarudi. "Umemleta mjukuu wangu kama kitu ulichookota njiani." Akainuka akapapasa ukuta, akaingia chumbani kwake.

Domina kanisafisha goti. Sikuamini. Baada ya yote hayo. Nimechoka na akina mama wote wawili.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi jua limetoka, upepo bado. Mlango unagonga, Domina kauzuia kwa jiwe. Mama kakaa kwenye mwanga. Kaniita.

"Mlete hapa."

Nikamweka mapajani. Mama kasema, "Simwoni huyu. Naota jua tu. Siku mtakayoleta watu ndiyo nitamwona."

Nikasema ndiyo mama.

Halafu akaanza kugeuza kichwa, kidogo kidogo, kama kuku anayeangalia punje, mpaka akaegemea kushoto na kuinua kidevu. Akatulia hapo. Nikajua amempata. Alimwona vipande vipande. Sikio moja, kichwa kikasogea, sikio la pili. "Masikio ya baba yako haya." Kishimo cha kidevu. Kidole cha pili cha mguu kilichopanda juu ya kidole gumba. Alikwenda taratibu, kama anayesoma barua na herufi ni ndogo. Jovitha akamshika pua akavuta.

"Na hili sijaliona," mama akasema.

Alikaa naye mpaka jua likahama mlangoni. Mimi nilikwenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Ijumaa, 18 Julai

Nilirudi jana, kwa kusukuma sehemu kubwa. Jovitha hana mafua. Nilikuwa nimejiandaa kugombana kwa hilo na sikupata nafasi.

Leo mama mkwe kampigia mama, mbele yangu, sauti imefunguliwa ili nisikie. Kamsalimia, kauliza mazao, kazunguka weee. Mwisho kauliza, na mtoto mmemwonaje?

Mama kasema, "Mtoto gani? Mwanangu alikuja kuangalia macho yangu. Mtoto namsubiri kwenu."

Mama mkwe kashusha pumzi. Wameelewana, wale wawili, na mimi niliyechunika goti nimekaa katikati kama sufuria.

Jioni Gozbert kaleta raba za breki, kazitupa kizingitini. "Shemeji, ungesema tu."

Mimi ndiye ningesema! Naandika na kalamu inachana karatasi. Nimezifunga mwenyewe. Nimemwambia baiskeli hii haitoki tena bila mdomo wangu kusema ndiyo. Alitaka kucheka, akaangalia uso wangu, akaacha. Mama mkwe alikuwa anasikia.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumekwenda. Renatus alimbeba Jovitha njia nzima. Gozbert kasukuma baiskeli na madumu mawili ya pombe kwenye keria. Aliomba kwanza. Mama mkwe kavaa kitenge kipya. Hapakuwa na upepo, vilima vyote vimefifia kwa moshi, hata Burundi haionekani.

Jikoni Domina kaniambia huku anapuliza moto. Wiki iliyopita. Jicho la kushoto pia limefunga. Mama kakataza isisemwe mpaka wageni waondoke.

Mama alikaa mlangoni, palepale. Walisalimiana sana. Pombe ikapokelewa, ikaonjwa, ikasifiwa. Mama mkwe mwenyewe kamweka Jovitha mapajani pa mama.

Mama kageuza kichwa kidogo kidogo. Akaegemea kushoto, akainua kidevu, akatulia. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Leo ndiyo namwona. Masikio ya babu yake haya. Na kidevu kina kishimo. Na kidole hiki kimempanda mwenzake."

Wakashangilia. Mama mkwe kanisogelea, kaninong'oneza, "Si unaona, anaona vizuri tu. Ulituharakisha bure."

Jibu nilikuwa nalo. Ninalo tangu Julai.

Jovitha kamshika bibi yake pua. Mama kacheka. Kichwa chake hakijasogea. Nimechukua kibuyu, nimemwongezea mama mkwe pombe.