Sema Unachokiona

Nyumbani, chumba cha mbele
Alhamisi, 16 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema umeanza kupanda ngazi za ofisini bila kushika ukuta. Natumaini sasa unazipanda bila kulalamika pia. Sisi huku wazima. Shemeji yako kifua kimemwachia, sauti imemrudia, na mtaa mzima unajua kwamba imemrudia.

Binti yako yuko chumba cha pili mbele ya kompyuta, na usaili wake umeanza punde tu. Nimejipa kazi ya kuandika ili nisipitepite mlangoni kwake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikata maneno.

Najua umeshamsemea kwa yule tajiri wa duka la jumla, na kwamba anataka jibu keshokutwa. Najua pia ulivyoapa: usaili wa leo ukishindikana, binti akimaliza chuo aje akae kwenye hesabu za duka. Kazi ya duka ni kazi halali. Ila kabla hujamjibu huyo tajiri, nipe nafasi nikueleze, maana naona habari za usaili ule wa kwanza zilikufikia nusunusu.

Watengeneza programu hawasailiwi kama sisi zamani, kuvaa tai, kukabidhi vyeti na kuulizwa unaishi na nani. Wanapewa fumbo. Mathalani, una orodha ya abiria elfu nyingi, na jina moja limeandikwa mara mbili; litafute. Mtu wa pupa atalichukua jina la kwanza alilinganishe na yote, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka ndevu ziote mvi. Mwenye kutulia atajenga vijisanduku, kila jina na chake. Akienda kuweka jina akalikuta limeshakaa, kazi imekwisha. Unayaandika hayo kwa lugha ya kompyuta huku wasaili wanakutazama. Nao hawangoji jibu tu. Wanataka kukusikia unavyofikiri, kwa sababu ndio watakaokaa nawe meza moja.

Sasa binti yako alifanya nini? Jibu alilipata. Lakini kila alipoanza kufikiri, alizima maiki! Ana tabia ya kujisemea akipiga hesabu, akaona si adabu kuwanung'unikia wakubwa masikioni. Wakabaki wanatazama midomo ikicheza. Walipomkataa waliandika kwamba jibu ni sahihi, ila hawakujua amelifikiaje. Nilipomuuliza, akanishangaa.

"Baba mkubwa, ningewasumbuaje na mawazo ambayo hayajaiva?"

Usicheke. Hiyo hakuiokota barabarani. Kwetu neno halitoki mpaka liive, na wewe shuleni ulikuwa unafunika daftari kwa mkono hata mwalimu asione. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ya kompyuta siyajui sana, lakini ugonjwa huo nimeutibu miaka yote ya kufundisha udereva. Nikamweka kwenye usukani wa gari la mafunzo, mimi upande wangu wenye breki ya mwalimu. Aliendesha vizuri, kimya kama maji ya mtungini. Mbele akatokea mama mwenye ndoo, anavuka. Nikakanyaga breki. Gari likasimama, binti akanigeukia amefura.

"Baba mkubwa, nilimwona!"

"Ulimwona wewe. Mimi nilikuwa nasali."

Alicheka mpaka gari la nyuma likatupigia honi. Kisha akasema polepole, "Kumbe na wale wasaili walifunga breki."

Tangu hapo sheria ya gari ikawa sheria ya nyumba: sema unachokiona. "Naona baiskeli, mwenyewe anageuza shingo, huenda anakata kulia, napunguza." Mwanzoni aliona haya, kama wanafunzi wangu wote. Sasa amezoea kupita kiasi. Juzi alikuwa jikoni anajisemea kwa sauti, "Kitunguu kimelainika. Nyanya zisipotosha, nina njia gani nyingine?" Shemeji yako akamjibu, "Njia ni kunyamaza na kukoroga." Jioni anafumbua mafumbo yake mbele yangu. Nusu siyaelewi, lakini akinyamaza tu, nakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, naye anaanza tena kusema.

Jirani yetu fundi wa kuchomelea tumemwomba asiwashe mashine asubuhi hii. Amekubali kwa moyo mweupe, ila kila mara anachungulia juu ya ukuta. "Mzee, ameshaajiriwa?" Nimemwambia ndiyo kwanza wanasalimiana.

Hapa nilipo sauti ya binti inanifikia. Amesema, "Njia hii inanipeleka pabaya, ngoja nirudi nilikotoka." Kisha kimya. Mguu wangu umekanyaga sakafu wenyewe.

Naam, sauti imerudi. 

Nimeendelea kuandika baada ya kuweka kalamu chini kidogo, maana ametoka. Uso umelowa jasho, na neno lake la kwanza lilikuwa kuulizia chakula. Nikamuuliza kama alikwama.

"Nilikwama, tena vibaya. Nikawaambia nimekwama wapi."

"Wakasemaje?"

"Mmoja akanipa kidokezo, tukaendelea pamoja."

Tukaendelea pamoja! Mdogo wangu, lisome tena hilo. 

Majibu yao ni wiki ijayo, na tajiri wako anataka lake Jumamosi. Kwa hiyo itakubidi uamue bila kujua, kama mimi ninavyokaa kiti cha pembeni kila siku. Mimi nimeshaamua. Mshukuru yule tajiri, mwambie atafute mtu mwingine. Hawa wakimkataa, ataomba kwingine, na baada ya hapo kwingine. Chumba kipo, meza ipo, fundi wa jirani atazima mashine. Nakuomba hili kama kaka. Ukibisha, nitakuamuru kama kaka.

Barua hii naipiga picha nikutumie leo hii, maana posta haitaiwahi Jumamosi. Ukimpigia binti jioni, usimuulize kama amepata. Muulize alikuwa anafikiri nini, kisha umwache aseme mpaka amalize.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya macho nimeipata. Wasalimie mapacha, na shangazi asiyependa simu. Mungu akulinde goti na akulainishe moyo.

Wako akupendaye, hata ukinuna,

Kaka yako