Mchukue Bi Futi

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto, pamoja na huyo mjukuu mpya ambaye nasikia amerithi mdomo wako, maana akilia mtaa mzima unajua. Natumaini goti lako limepoa na umeacha kupanda ngazi za zahanati mara kumi kwa siku kama msichana. Mimi sijambo, kwa kipimo cha wagonjwa. Nakula kidogo, nalala kidogo, na kichwa changu ni kizima kabisa. Daktari amenishauri niyaweke mambo yangu sawa. Nilimuuliza kama anamaanisha mwaka au mwezi, akaanza kunisifia jinsi kitanda changu kilivyo karibu na dirisha. Nikaelewa.

Kuna jambo kuhusu hati ya nyumba unayoishi ambalo nimekuficha kwa miaka thelathini na moja. Nitakwambia humu humu, kabla sijaweka jina langu. Lakini kwanza nijibu swali lako, kwa sababu jibu na siri vimeshikana, na nataka uifikie siri ukiwa tayari unajua la kufanya.

Uliniandikia kwamba unataka kuhamisha rehani ya nyumba kwenda benki nyingine, ili ujenge vyumba viwili vya kujifungulia kina mama upande wa barabarani. Benki imekupa orodha ya mawakili wake. Mwanao amekuonyesha kwenye simu kampuni ya mbali inayofanya kila kitu bila mtu kuonana na mtu. Na mwenzako wa kazini amekutajia yule mama wa hapo hapo mtaani, mwenye ofisi juu ya duka la kuchonga funguo. Umenitaka nichague kati ya hao, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Mchukue Bi Futi. Jina hilo amepewa na mafundi, kwa sababu hatoki ofisini bila futi ya fundi ujenzi mkobani, ile ya chuma inayorudi yenyewe. Mawakili wengine huanza na karatasi, wakiona karatasi imetulia nao hutulia. Yeye huanza na ardhi. Hutembea kiwanja kutoka kona hadi kona, akapima, akahesabu nguzo, halafu akagonga kwa majirani. Ndipo arudi kufungua jalada, aone kama linasema alichokiona kwa macho.

Usidhani hilo ni jambo dogo. Unamkumbuka yule seremala aliyenunua nyumba nyuma ya shule yangu? Alitumia wakili wa mbali, kila kitu kwa simu, kila siku sauti mpya inayomwomba aeleze upya tangu mwanzo. Mkataba uliandikwa kwamba kiwanja kinaanzia barabarani mpaka mtaro. Kwenye mchoro mtaro ulikuwa mmoja. Pale chini ilikuwepo mitaro miwili, wa zamani na uliochimbwa baadaye, na kati yake ndipo seremala alipojenga karakana yake. Jirani alipokuja na madai yake, wakili wa mbali alijibu kwamba mkataba uko wazi, unasema mpaka mtaro. Seremala akamuuliza ni mtaro upi. Wakili akauliza kwani iko mingapi. Karakana ilivunjwa, na mpaka leo ukitaka kumkasirisha yule bwana mtajie mtaro.

Wale wa kwenye orodha ya benki sina ubaya nao. Ila kumbuka kwamba wakili wa benki ni wa benki. Atahakikisha benki haianguki. Wewe ukianguka, atakupa pole ya dhati na kukutumia nakala.

Sasa utaniuliza, na una haki, mbona miaka saba iliyopita, tulipoweka nyumba rehani kwa ajili ya paa, nilikukataza kabisa kumwendea mama huyu. Nilikwambia ni mbishi, ni mchelewaji, atakuzungusha hadi mvua zikukute chini ya paa bovu. Nilimsingizia, Chiriku. Hapo ndipo siri inapoanzia.

Ukweli ni kwamba nilimwendea kabla sijakuambia neno. Nilipanda zile ngazi zake nyembamba, mashine ya funguo ikipiga kelele chini, nikakaa kwenye kiti kimoja kati ya vinne visivyofanana. Nilimweleza ninachotaka. Alisikiliza bila kuandika, akasema sawa, Jumatatu atafika nyumbani kupima, na akiwa hapo atazungumza na majirani waliomjua marehemu mama. Nilimuuliza majirani wanahusikaje na rehani. Akajibu kwamba nyumba ya marehemu huwa na swali moja ambalo yeye hulianza kwa watu, halafu ndipo aliulize jalada: mwenye nyumba aliacha watoto wangapi?

Nikasema nimesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa usoni. Niliteremka zile ngazi sikurudi tena, na wiki hiyo hiyo nikakutafutia wakili wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura. Yeye hakuuliza kitu. Alisoma karatasi, karatasi ilikuwa imetulia, akanitumia kurasa za kusaini. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Uliuliza kwa nini nasaini mimi peke yangu, nikakujibu nasaini kama msimamizi wa mirathi, huo ni utaratibu tu. Ukaniamini, ukaenda kunitengenezea chai.

Sikusaini kama msimamizi. Nilisaini kama mwenye nyumba. Hati unayodhani bado ina jina la mama ina jina langu, langu tu, tangu mwaka aliofariki.

Pumzika hapo kama unataka. Barua haiendi popote.

Nimeishi na hilo vizuri kuliko inavyostahili. Nilipata kazi yenye nyumba ya serikali, nikahama, nikakuachia hapo, na kila mwaka ulinishukuru kwa kukuachia. Hata kwenye harusi ya binti yangu ulisimama mbele ya watu ukasema kaka huyu angeweza kugawana na mimi, lakini aliniachia yote. Watu wakapiga makofi. Nami nilisimama nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Ningeendelea hivyo hadi mwisho kama si mwanangu wa pili. Alikuja kunitazama mwezi uliopita, akanirekebishia mto, akaniuliza kwa upole kama nyumba ya bibi iko kwenye jina langu, kwa sababu akiwaza na kaka yake wanaona pale panafaa kujengwa maduka. Alisema shangazi watamtafutia chumba kizuri. Sikumlaumu, anajua tu alichokiona kwenye jalada langu alipokuwa akipanga kabati. Lakini nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba nikifa hivi hivi, wewe si dada anayeishi kwenye nyumba ya mama yake. Wewe ni mgeni kwenye nyumba ya watoto wangu, ukiwa na miaka sitini na mitatu na goti moja.

Nikampigia simu Bi Futi. Alipanda basi saa mbili nzima akaja hadi hapa kitandani. Nilipotaka kujitambulisha akasema, “Nakukumbuka, mzee. Wewe ndiye uliyeikimbia futi yangu.” Nilicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikamweleza yote, naye safari hii aliandika. Nilipomaliza nikamwomba anifanyie kazi ya kuhamisha umiliki kutoka kwangu kuja kwako.

Akakataa. Akasema hawezi kuwa wakili wangu na wako kwa wakati mmoja katika jambo ambalo nilikudhulumu, na kwamba kati yetu wawili wewe ndiye utakayemhitaji zaidi, kama ukimtaka. Hakuchukua hata nauli. Aliniachia namba ya mwenzake, kijana mmoja makini wa hapa karibu na hospitali, akaniambia kazi yangu ya kwanza ni kukuandikia mwenyewe, kwa sababu yeye hatakwambia neno langu, na hataki uje kulisikia ofisini mbele ya mashine ya funguo. Sasa unajua kwa nini nasema umchukue. Mtu anayekataa kazi kwa sababu hiyo ndiye wa kumpa kazi.

Huyo kijana ameshamaliza sehemu yangu. Hati ya uhamisho iko tayari, nyumba yote, si nusu. Mkono wangu unatetemeka kiasi kwamba saini yangu haifanani tena na ile iliyo kwenye jalada, kwa hiyo nimeweka dole gumba, mimi niliyewasahihishia watu maandishi kwa miaka thelathini na nane. Mashahidi ni muuguzi wa zamu na mstaafu wa kitanda cha jirani, mtu wa posta, ambaye alisoma kila ukurasa kana kwamba yeye ndiye anayenunua. Siku hiyo hiyo daktari ameandika kwamba akili zangu ni timamu. Alinitaka nihesabu kurudi nyuma kwa saba kutoka mia, na yeye mwenyewe akakosea alipofika hamsini na nane. Nikamsahihisha. Hilo nalo ameliandika.

Wanangu nimewaita wote na kuwaambia wazi. Mkubwa alinishika mkono. Wa pili aliuliza kama ni dawa zinazonichanganya. Nikampa barua ya daktari asome mwenyewe. Hawataweza kulipinga, na kwa kuwa nawajua, sidhani kama watajaribu. Wamelelewa na mama yao zaidi kuliko na mimi.

Sehemu iliyobaki ni yako, na isikae. Kijana anataka hati iandikishwe nikiwa hai, ili asiwepo wa kuuliza lolote. Jumatatu asubuhi panda zile ngazi. Chukua kitambulisho chako na cheti chako cha kuzaliwa, kile chenye jina la mama, na risiti zote za marejesho ya rehani, maana umelipa wewe kwa miaka saba na hilo lijulikane. Bi Futi ataandikia benki ya zamani, atasimamia uandikishaji, halafu ndipo aanze na hiyo benki mpya na vyumba vyako. Akitaka kuja kupima, mwache apime. Akiwauliza majirani, mwache awaulize. Safari hii jalada litajibu sawa na watu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, kuanzia mkubwa hadi huyo mpiga kelele mdogo. Wasalimie wenzako wa zahanati, na fundi atakayejenga vyumba mwambie madirisha yawe makubwa. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo, saa za kutazama wagonjwa ni saa kumi hadi kumi na mbili. Usipotaka kuja, tuma karatasi zilizosainiwa, nami nitaelewa.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nimesoma barua hii upya na nimeona bado najificha, kwa sababu inaweza kusomeka kama kosa la karatasi. Pengine utaniwazia mema, kama kawaida yako. Utasema ulikuwa mbali kwenye mafunzo ya ukunga, barua zilichelewa, karani alikuwa na haraka, kaka aliandika alichoweza. Mke wangu, marehemu, nilimweleza hivyo hivyo, na alikufa akiniamini.

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Karani wa ofisi ya ardhi alikuwa mzee mtaratibu, dirishani hapakuwa na mtu mwingine. Alisoma fomu yangu akaniuliza marehemu aliacha watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akavua miwani, akaniuliza tena, kwa sababu alimjua mama na alidhani amewahi kumwona na binti. Nikasema mmoja tu, huyo binti alikuwa wa jirani. Barua yako ya kuniambia kwamba umepata ruhusa, unafika Jumamosi, nisifanye lolote hadi uje tukae pamoja, ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilikuwa nimeisoma asubuhi. Ndiyo sababu nilikwenda siku hiyo.

Ni mimi kaka yako,
mtoto wa kwanza wa mama, kati ya wawili.