Shangazi, Nilikuzuia Mlangoni

Mpendwa Shangazi,

Natumai kifua kimepoa. Tumesikia umewaambia watu huko nyumbani kwamba binti ya ndugu yako alikufukuza hapa kwetu Kariobangi na kuku wako mkononi. Sikukufukuza. Nilikuzuia mlangoni, na ukija leo ukikohoa vile, nitakuzuia tena. Unajua mdomo wangu ni mzito, ndiyo maana nimeandika.

Unakumbuka siku ile hospitalini, kabla hawajawapasua wewe na Baba? Yule mama wa ustawi wa jamii alikuita peke yako akafunga mlango, nasi tukabaki kwenye benchi tukiogopa. Ulitoka ukicheka. "Ati ananiuliza kama ndugu yangu amenilazimisha kutoa figo! Nimemwambia huyu hajaweza kunilazimisha hata kuosha sufuria." Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini jioni uliniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mama alikuwa amekueleza unaweza kukataa hata dakika ya mwisho, na madaktari wangesema tu kwamba haikufaa, bila yeyote kujua ni wewe. Ulisema hakuna mtu aliyewahi kukupa nafasi hiyo, hata ulipoolewa.

Kabla ya hapo nilidhani kazi yote ni ya daktari mwenye kisu. Kumbe kuna yule wa maabara, aliyepima damu yenu tena na tena mpaka akaridhika. Kuna daktari wa figo, aliyeuliza habari ya mkojo wa Baba kabla ya kuuliza habari ya asubuhi. Na yule mama wa lishe uliyemwita mwizi wa chumvi! Mama bado anapika alivyomfundisha, na Baba bado analalamika.

Siku Baba aliporuhusiwa kutoka, wewe ulikuwa umekwisha kurudi nyumbani, kwa hivyo hukumsikia Sista wa wadi. Alituambia dawa za Baba zinawalaza askari wa mwili ili wasiifukuze figo yako, kwa sababu kwao ni mgeni. "Lakini askari wakilala," akasema, "hata mafua ya jirani yanaingia bila kubisha hodi. Nani anashinda nyumbani?" Mama alinitazama. Yeye yuko kiwandani mchana kutwa, na mimi nimemaliza shule.

"Basi wewe ni mmoja wetu," Sista akaniambia. "Kazi yako ni mlango."

Mimi, Shangazi! Mimi ninayeona haya hata kuitisha mkate dukani.

Na kwetu mgonjwa hutembelewa. Anashikwa mkono, anaombewa, watu wanakula pamoja naye. Akina mama wa kanisa walipofika nikawaomba waimbie hapo nje kwenye ngazi. Waliimba, lakini kwa macho makali. Vijana wa ploti wakaanza kunitania kama mlinzi wa geti: "Niaje, soja? Leo umefungia nani nje?" Nilizoea.

Kisha ukaja wewe, bila kutuma habari, umesafiri usiku kucha, kitambaa puani na kuku chini ya kwapa. Nilisimama katikati ya mlango.

"Nipishe nimwone ndugu yangu."

"Shangazi, una mafua."

"Mafua ni ya vumbi la basi. Sogea, mtoto."

Sikusogea. Ukapaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Nimempa figo, wananinyima mkono wake!"

Nikasema, sijui kama ulinisikia, "Ni hiyo figo yako ninayoilinda."

Baba alikuja dirishani. "Dada, usihangaike. Huyu hata mimi ananiamrisha ninawe mikono." Ukakaa kwenye kreti ya soda, yeye ndani, wewe nje, mkazungumza kupitia kioo hadi jua likashuka. Niliwasikia mkibishana nani alianguka mtoni mkiwa watoto. Ulipoondoka kwenda kulala kwa binamu huko Dandora hukuniaga. Hilo liliniuma kuliko maneno yote.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita tulikwenda kliniki. Daktari wa figo alisoma majibu ya damu, akavua miwani, akasema figo inafanya kazi kama iliyozaliwa naye. Sista akaniuliza, "Mlango vipi?" Nikamjibu bila kuangalia chini, "Umefungwa, Sista, na nimekosana na shangazi yangu." Akasema, "Huyo aliyetoa figo? Atakuelewa kuliko wote."

Matokeo ya mtihani yakitoka vizuri nitaomba chuo cha wauguzi. Mama anasema wadi ni ya watu wenye sauti. Mimi nimeona kwamba sauti yangu inatosha.

Daktari ameruhusu wageni wazima, mmoja mmoja. Njoo kikohozi kikiisha. Kuku mwache huko, au mlete akiwa amechinjwa. Maji na sabuni viko kando ya kizingiti. Ukishanawa hutahitaji kubisha hodi. Nitakuwa nimekwisha kufungua, na mkono wa kwanza utakaoshika ni wa Baba. Wa pili, ukipenda, uwe wangu.

Akupendaye,
Binti ya ndugu yako, soja wa mlangoni