Panya Ametembea

12 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za masomo? Hapa tu wazima, ila mkono wangu. Jana niliacha gauni la bibi harusi katikati. Vidole vimegoma kushika sindano. Fundi gani huyo? Daktari anasema ni ugonjwa uleule uliomchukua baba: ubongo unatoa amri, neva hazifikishi. Dawa hakuna. Nikamwambia, "Mdogo wangu anasomea hayohayo." Nimesema uongo?

Kaka yako

3 Machi

Kaka, shikamoo.

Hali yako na ya wifi? Barua yako nimeisoma maabara, nikalia mbele za watu.

Hukusema uongo. Mwalimu wetu hutuambia kila siku: lengo la masomo haya ni tunachokiona kwa panya kimfikie mgonjwa kitandani. Ndiyo maana asubuhi tuko maabara, mchana wodini. Na kaka, panya wetu waliopooza, tuliowapa dawa mpya, wameanza kutembea! Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni safari ya miaka, na dawa nyingi hufia njiani. Nivumilie.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu, salamu.

Miaka sina. Kama panya katembea, mimi nimekosa nini, mkia? Niletee hiyo dawa. Ijaribuni kwangu. Mwandiko unauona ulivyo.

Kaka yako

9 Mei

Kaka, shikamoo. Unaendeleaje?

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilisimama mbele ya friji ya maabara, ufunguo mkononi, niibe chupa moja ya dawa kwa ajili yako. Nikaurudisha ufunguo, nikaondoka. Wiki iliyofuata panya walianza kufa, mmoja mmoja. Dawa imewaharibu ini.

Ningekuua, kaka. Na sasa sina kingine cha kukupa. Sijui tena ninasomea nini. Nataka kuacha.

Mdogo wako

26 Mei

Wifi yangu, salamu nyingi.

Kaka yako anatamka, mimi naandika. Anasema: "Thubutu uache! Kliniki tunakaa benchi moja na kijana, umri wako, hawezi kufunga vifungo vya shati. Nikimwambia unasoma, anacheka kama mtu aliyepona. Utamwambia nini huyo? Msomee yeye. Mimi usinitafutie dawa tena. Ila kwanza omba ruhusa chuoni…"

Hapo sauti ilikatika. Siku hizi hata chai inampalia, wifi, na usiku namkalisha ili apumue. Neno la mwisho amelirudia na kulirudia, jasho linamtoka, mpaka nikalielewa.

Njoo.

Wifi yako