Matawi Niliyomtumia Mzazi

Jumanne, 6 Novemba 2012
Nimemwagilia makopo yote ya mimea kabla ya kwenda kufundisha. Mti wa maziwa umeshika. Hauna majani, vijiti vya kijani tu, vimejaa utomvu mweupe. Wazazi waliotoka kujifungua hupikiwa wakikosa maziwa. Niliukata kichakani Afungi siku watu wa kampuni ya gesi walipoanza kufyeka. Mbiombio, trekta likinguruma nyuma yangu. Mdogo wangu Mariamu amejifungua kule kisiwani Rongui, kifua kikavu. Nimemtumia matawi matatu kwa mashua ya leo.

Alhamisi, 8 Novemba
Kopo moja si sawa na mengine. Mimea mingine imejisokota kwenye fito nilizoisimikia. Huu umesimama wenyewe, mgumu, mnene. Nimevunja ncha nitazame. Utomvu ukanirukia kwenye kope. Moto. Nimeosha, haupoi.

Nimemwita Rosa, mwalimu mwenzangu wa kutoka Mueda. Akautazama mara moja tu.

"Huu mnyaa. Kwetu tunapandia ua. Hata mbuzi hagusi, utomvu wake sumu."

Matawi ya Mariamu niliyakata kwenye kopo lile lile. Niliona ndiyo yaliyonawiri.

Nimepiga simu mpaka chaji imeisha. Rongui hakuna rede, simu haishiki. Mashua nyingine mpaka Jumamosi.

Ijumaa, 9 Novemba
Sijala. Jicho limevimba. Kama kope imeungua hivi, koo je? Na mtoto? Darasani nimeandika tarehe ya jana, wanafunzi wakanisahihisha. Nimemuua mdogo wangu. Sijui. Naogopa kujua.

Jumamosi, 10 Novemba
Yu hai. Nimefika adhuhuri. Mama mkwe wake alichemsha tawi moja, akampa kikombe. Mariamu alipiga funda moja akatema. Midomo imechubuka, ulimi umejaa malengelenge. Mtoto hajanyonyeshwa na mama yake tangu hapo, ananyonya kwa Bi Fatima, jirani.

Mariamu alisema kwa shida, "Dada, mbona hukunambia unaunguza?"

"Sikuujua. Nimekosea mimi."

Mama mkwe alikuwepo. Aliinuka akatoka nje. Matawi mawili yaliyobaki nimeyafukia mbali na kisima.

Jumatatu, 12 Novemba
Nilimwachia Rosa aniombee ruhusa shuleni. Mariamu amekunywa uji uliopoa, nusu bakuli. Maziwa bado. Mama mkwe hanisemeshi, ila asubuhi amenipa mtoto nimshike wakati akitwanga. Bi Fatima alikuwa ameshamnyonyesha. Mtoto akalala mapajani mwangu, mkono mmoja umeshika kanga yangu. Sikujitikisa mpaka alipoamka.