Mji Wanaonichagulia

Mbithe, mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Kunming. Hewa ya huku ni kama ya Machakos mvua ikishakatika, na supu huchemkia katikati ya meza huku mkila. Jana mwanangu Mutuku aliwaalika wageni wenzake wanaofanya kazi huku China, wakabishana ni mji gani utanifaa kuishi.

"Shanghai hapana, kodi inamaliza mshahara wote," Mutuku alisema.

"Chengdu ni ya kutembelea tu," akadakia rafiki yake Mtanzania. "Pilipili yao itamliza mama."

"Basi Harbin?"

"Harbin! Unataka kumweka mamako kwenye friji?"

Nilicheka nao. Kisha nikauliza, "Na mgeni akifa, anazikwa mji gani?"

Mutuku aliweka vijiti chini. "Mama, mambo gani hayo mezani?"

Yule Mtanzania alinijibu polepole, "Huku wengi huchomwa, mama. Nyumbani hurudishwa majivu."

Mbithe, nakuambia wewe peke yako. Sikuja kutembea. Daktari alishaniambia hana dawa tena, nikataka kumwona mwanangu. Yeye hajui, na nimeshindwa kumwambia. Nguvu za kupanda ndege tena sina.

Ile nafasi uliyoniwekea shambani, kando ya kaburi la Baba Mutuku, usiiache wazi. Mvua ikinyesha, panda mbaazi. Zikikomaa, uketi pale uzimenye, unitaje jina.

Mungu akutunze.

Dadako, Ndinda