Wosia wa Mama Rehema

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mama alitufundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amenuna, na wewe sababu ya kuninunia unayo, maana sijafika kaburini kwako Nanyamba tangu mikorosho ilipoanza kuchanua. Leo nimekaa barazani kwangu hapa Shangani, cherehani nimeifunika, mkoba wa safari uko mlangoni. Kesho nakwenda Dar es Salaam kupasuliwa tezi ya shingo. Usishtuke. Daktari anasema kwao hiyo ni kazi ya kawaida. Kwangu si ya kawaida, shingo ninayo moja tu.

Kabla ya kufunga mkoba huo nilikwenda kwa wakili kuandika wosia, na ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Nakusikia ukisema, "Fatu we, unajichuria!" Ndivyo alivyosema na jirani yangu Bi Sharifa. "Mama Rehema, wosia wanaandika wagonjwa wasioinuka kitandani. Wewe juzi tu umetushonea sare za harusi." Nikamwambia kifo hakipigi hodi, akaziba masikio. Ndivyo tulivyo, dada. Huyo huyo Bi Sharifa amenunua sanda yake mwenyewe, ameifungia sandukuni na huianika jua likiwaka, lakini ukimtajia karatasi ya wosia anakutimua kwake.

Na kwa kweli kilichonipeleka kwa wakili si kifo, ni korosho. Msimu utafunguliwa nikiwa hospitali, na lazima awepo mtu wa kufikisha korosho zetu kwenye chama cha msingi cha ushirika na kutia saini kwa jina langu. Rehema ndiye aliyesema, "Mama, twende ukaniandikie hati ya uwakilishi, nisije nikabishana na makarani mpaka msimu ukaisha."

Ungemwona mwanao sasa! Ni mwanamke mzima, yuko kwenye ofisi ya mawakala wa forodha bandarini, na madereva wa malori wanaomzidi umri wakimwona wanapunguza sauti. Anacheka kama wewe, anainama mpaka anashika magoti. Kuna siku alicheka hivyo jikoni nikaangusha sufuria, akadhani nimeungua.

Unakumbuka mama alipotukatia kile kipande cha juu cha shamba, kila mmoja apande safu zake? Wewe ulivuta kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, safu zako zikanyooka. Mimi nilipanda kwa macho, zangu zikapinda kama mtu anayetoka kwenye pombe. Mama akasema, "Nkorosho hauulizi kamba, unauliza mvua," nikakutolea ulimi. Na lile gauni langu la Idi, uliloliazima bila kuniuliza ukaenda nalo kuokota mabibo? Doa la bibo halitoki, mtoto wa Nanyamba yeyote analijua hilo. Wewe ulilifua kwa ndimu, ukalifua kwa majivu, mwisho ukalikunja doa likiwa ndani ukadhani sitaona. Nilikukimbiza mpaka kisimani. Siku hizi nikiletewa nguo yenye doa la bibo nashona ua juu yake, wateja wanasifu, na mimi nakukumbuka wewe.

Kisha ukaugua baada ya kujifungua. Baba yake Rehema alikuwa ameshavuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha Msumbiji, na hayo maisha hayakumrudisha. Ukaniita nisogee, midomo imekukauka, ukasema, "Fatu, ntoto wangu asiitwe yatima." Hukuniambia nimtunze. Hukuona haja, maana kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao, hana jina lingine. Ulitaka tu neno lile lisimguse. Nikakuitikia, na wewe ukafumba macho.

Ndipo nikawa Mama Rehema kabla sijawa mke wa mtu. Marehemu mume wangu alipokuja kuposa, wazee walimwambia wazi kwamba binti huyu ana mtoto mgongoni. Akawajibu, "Najua. Nimekuja kumposa Mama Rehema." Baadaye nikamzaa Hamisi, kisha Mwajuma, lakini hakuna aliyewahi kuniita Mama Hamisi. Hata Hamisi mwenyewe akinitania huniita Mama Rehema.

Basi tukaenda kwa wakili, mimi na Rehema. Wakili mwenyewe ni binti wa Tukuyu, anaitwa Tumaini, mpole, anaeleza jambo mpaka uelewe. Koti lake bega moja limekaa vibaya, nilijizuia nisimwambie. Tulianza na hati ya uwakilishi. "Hii inampa Rehema mkono wako, mama," akasema. "Pale ambapo ungetia saini wewe, atatia yeye. Ila ina mpaka wake. Ukiondoka duniani, nayo inaondoka siku hiyo hiyo."

"Sasa nikifa, Rehema anakuwa nani?"

"Kwa hati hii, hawi mtu yeyote. Ndiyo maana nakushauri uandike na wosia."

Rehema akadakia, "Basi usife, mama, mimi nina kazi zangu." Tukacheka wote watatu. Wakili akaniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia watatu, nikawataja: Rehema, Hamisi, Mwajuma. Akauliza kama nataka mali igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, nikasema ndiyo, nyingine ya nini? Akaandika, akatuambia turudi kuisikiliza.

Siku ya kusomewa, wakili akamwomba Rehema akae nje, kwa sababu anayenufaika na wosia haifai awe shahidi wake. Akatoka, akaketi kwenye benchi ya ukumbini, namwona dirishani anachezea simu. Wakili akasoma vizuri, kwa sauti ya kanisani. Akafika pahala pasemapo, "watoto wangu watatu niliowazaa, wagawane kwa mujibu wa sheria." Nikacheka.

"Binti, huyo wa kwanza sikumzaa mimi, ni wa dada yangu. Lakini endelea tu, ni wangu."

Hakuendelea. Aliiweka karatasi mezani. "Mama, wewe si ndiye Mama Rehema?"

"Ndiye."

"Na Rehema ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Si nimekwambia ni wa dada yangu?"

Mpaka hapo, Somoe, mimi sikuona kosa liko wapi. Nilidhani binti wa watu amechoka. Alininywesha maji kwanza, ndipo akanieleza. Sheria ninayoifuata inamjua mtoto niliyemzaa. Wa dada yangu haimhesabu miongoni mwa warithi wangu, hata kama nimembeba mgongoni, nimemsomesha na mji mzima unaniita kwa jina lake. Karatasi ile tamu, tungeitia saini vile vile, ingemwacha Rehema mikono mitupu. Ingetosha mtu mmoja kuleta cheti chake cha kuzaliwa, chenye jina lako.

Nikamwambia wanangu hawawezi kufanyiana hivyo.

"Nakuamini, mama. Lakini wosia hatuuandikii watoto wa leo peke yao. Wanaoa, wanaolewa, wanapata wakwe na wajukuu ambao hawakumwona Rehema mgongoni kwako."

Nikatazama tena dirishani. Mwanao alikuwa pale pale kwenye benchi, nje, kama alivyoambiwa. Moyo uliniuma, dada. Nilitamani nimwite aingie, awe shahidi asiwe shahidi.

"Dawa yake ipo," wakili akasema. "Mtu asiyekuwa mrithi unaweza kumwachia kwa wosia, isizidi theluthi ya mali yako. Kile kipande cha juu cha shamba ulichonitajia hakifiki huko. Ila lazima niandike yeye ni nani. Nitaandika mtoto wa marehemu dada yako."

"Ukiandika mwanangu tu, basi, haitoshi?"

"Neno hilo ndilo litakalomponza."

Nikamwomba anipe nafasi. Nilirudi nyumbani sina hamu ya chakula. Nikilishika neno lako, mwanao anakosa shamba. Nikimpatia shamba, naandika kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi, kwamba huyu si wa tumbo langu na aliyemzaa ni marehemu. Na hilo si ndilo lile uliloniomba lisimguse? Nilisema na wewe siku hiyo mpaka nikakugombeza. Nilikuambia ungejiponea tu ukamlea mwenyewe, mambo haya yote yasingekuwepo. Nisamehe, uchungu ulinizidi.

Nikaenda kumwuliza shehe wetu. Alinisikiliza, akachezea tasbihi, akasema wakili amesema kweli. "Tena hao uliowazaa huwezi kuwaandikia wosia, maana Mungu ameshawaandikia mafungu yao. Wosia ni wa yule asiyekuwa na fungu." Nilitoka pale msikitini natembea polepole, nalirudia neno lake. Hamisi na Mwajuma wanatajwa na sheria, hawana haja na kalamu yangu. Katika wanangu wote, ninayeweza kumtaja mimi mwenyewe, kwa hiari yangu na kwa mapenzi yangu, ni Rehema peke yake.

Nikampigia simu Hamisi nisifanye jambo kwa siri. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Akauliza, "Sasa mama, huyo asiyekuwa mrithi ni nani?" Nikamwambia ni Rehema, si nimekueleza. "Rehema yupi?" Wallahi alikuwa anauliza kweli. Nikacheka huku nalia, akasema niandike hata shamba zima, yeye kupalilia hawezi. Mwajuma kule Masasi alikokwenda kuolewa akasema nisiwapigie simu kwa mambo yanayojulikana.

Akabaki Rehema mwenyewe. Nilimngoja jioni tukimenya muhogo jikoni. Anajua habari zako, usidhani nilikuficha. Kila Idi huja kukuombea dua, na picha yako ile ya pekee, uliyopiga umevaa gauni langu, iko chumbani kwake. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuandikwa na mama yako kwamba wewe si wake ni kitu kingine. Nikamweleza nikiutazama muhogo. Nilipomaliza, kisu chake kilikuwa kimesimama.

"Kwa hiyo jina la mama Somoe litakuwemo?"

"Litakuwemo."

"Na langu?"

"Na lako."

"Na lako wewe, kwa kuwa ndiye mwenye wosia." Akafikiri. "Mama, sisi watatu hatujawahi kuwa pamoja mahali popote. Hata picha hatuna." Akauchukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya. "Mwambie aandike."

Niliosha mihogo ambayo ilikwisha kuoshwa.

Tukarudi kwa wakili. Mashahidi wakaitwa, Rehema akaenda kwenye benchi yake bila kuambiwa. Shamba la juu lote nimemwandikia, safu zako zilizonyooka na zangu zilizopinda, asije akaona zako tu akadhani shamba linalimwa na malaika. Kabla sijatia saini nikamwuliza wakili swali moja: jina la Mama Rehema nililoitwa miaka yote, ndiyo nimevuliwa? Binti yule wa Tukuyu alinitazama, akaichukua karatasi, akaenda kuuandika upya ukurasa wa kwanza. Akasema, "Siwezi kuandika kwamba ulimzaa, mama. Lakini unavyojulikana ninaweza kuandika, tena inatakiwa." Na akanisomea mwanzo wake. Nilimwomba arudie. Kisha nikatia saini, na nikamwambia alilete lile koti nimrekebishie bega, bure.

Nimeisoma karatasi hiyo barazani leo, mstari kwa mstari. Nilikuwa natafuta neno moja, dada. Yatima halimo.

Kesho nikilala kwenye meza yao ya kupasulia, nakuomba unisemee huko uliko nirudi nimalize nguo za watu. Na kama nitakuja kwako moja kwa moja, usiniulize kuhusu Rehema kwa ukali, yote yako tayari. Uniulize tu habari za gauni. Lala salama, mkubwa wangu.

Mdogo wako Fatu,
ajulikanaye pia kwa jina la Mama Rehema